Mtoto wa Gede alilala wapi?

Mwanaakiolojia James Kirkman alipozichimbua nyumba za Gede, mji wa kale wa Waswahili ulio karibu na Malindi, nyingi kati yake alizipa majina kwa vitu alivyoviokota ndani yake. Ndiyo maana mgeni anayezunguka magofu hayo leo anaonyeshwa Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha ya Kichina na nyingine za namna hiyo. Kazi ilianza mwaka 1948 na ikachukua takriban miaka 10. Zikatoka kaure za China za enzi ya Ming, shanga za Venice, taa ya chuma kutoka India. Haikutoka Nyumba ya Kitanda. Wala hakuna nyumba iliyopewa jina kwa kiti au kwa sanduku la mbao.

Sababu anaijua kila aliyewahi kujenga pwani. Mbao zote zilizokuwamo katika mji ule, kuanzia boriti za dari hadi fremu za milango, ziliishia tumboni mwa mchwa au zilioza kwa unyevu msitu ulipourudia mji. Gede ilianza karibu na karne ya 12, ikanawiri karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ilikuwa imekwisha kuachwa. Kwa karne tatu hivi mizizi ya mikwaju na mibuyu ilikuwa ikizipasua kuta zile bila wa kuizuia. Kilichobaki ni mawe ya matumbawe, chokaa na vyungu. Hata kaburi maarufu kuliko yote pale, lile lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, linasomeka kwa kuwa maandishi yake yalichongwa kwenye lipu. Yangechongwa kwenye ubao, leo tusingekuwa na herufi hata moja.

Basi ukisimama katika nyumba mojawapo, tuseme ile ya Mikasi, na kujiuliza mtoto mchanga wa humu alikuwa akilala wapi, itakubidi uzisome kuta. Vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake ulipangwa na boriti za mikoko, ambazo hazizidi sana mita 3, kwa hiyo fundi hakuwa na hiari. Kwanza ni kiwanja cha wazi cha kupokelea watu, kisha chumba cha mbele, kisha vyumba vya ndani ambako mwanga unaingia kwa kuomba ruhusa. Ukutani mna vishubaka vya taa. Pembeni kuna matundu madogo ya vigingi, ambayo Kirkman aliamini yalitumika kutundikia mazulia na vitambaa. Baadhi ya nyumba zina stoo isiyo na mlango wa kawaida: unapanda ngazi na kuingia kwa dirisha lililo juu karibu na dari. Vyoo vipo, na mahali pa kutawadhia papo. Kila kitu kimewekewa nafasi yake, isipokuwa mtoto.

Swali hilo linaonekana la kitoto, lakini si dogo. Katika nchi nyingine lingejibiwa kwa fanicha. Uingereza, kwa mfano, miaka hiyo hiyo ambapo Gede ilikuwa katika fahari yake, mtoto wa mwenye nacho alilazwa katika kitanda chake mwenyewe cha mti wa mwaloni, ule mti ambao sisi tunaujua zaidi kwa kuusoma katika Biblia. Kiko kimoja maarufu hadi leo katika mkusanyiko wa ufalme, chenye jina la kitanda cha Mfalme Henry wa Tano. Ni sanduku la mwaloni lililotundikwa baina ya nguzo mbili, juu ya kila nguzo kumechongwa ndege, na likisukumwa linapembea. Jina lake ni la uongo mtupu. Henry wa Tano alizaliwa kati ya 1386 na 1387, na wataalamu wanakiweka kitanda hicho mwishoni mwa karne ya 15, wakati mfalme huyo alikuwa kaburini miaka mingi. Ila watu wanapenda fanicha iwe na mwenyewe, na mwenyewe akiwa mfalme bei hupanda.

Vitanda vya watoto vilivyobaki kwa wingi zaidi ni vya karne ya 17, na hivyo ndivyo wanavyogombania wakusanyaji wa vitu vya kale. Hivi havikutundikwa. Vilikaa sakafuni juu ya mbao mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo, ili mama au yaya akibembeleze kwa wayo huku mikono ikiwa kwenye gurudumu la kusokotea uzi. Ukikitazama kwa karibu utaona kazi ya seremala hasa. Fremu imeungwa kwa ndimi na matundu, kila kiungo kimepigiliwa kigingi cha mbao pasipo msumari wala gundi. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa hiyo ulipokauka ulijikaza wenyewe ukavibana viungo. Msumari wa chuma usingefaa sana, kwani mwaloni una tanini nyingi inayoushambulia msumari na kuuachia ubao doa jeusi. Katikati ya fremu zimepachikwa mbao nyembamba, na juu yake ndipo mchongaji alipojimwaga: maua, matao, majani yaliyojisokota, na mara nyingi herufi za kwanza za majina ya wazazi pamoja na mwaka. Upande wa kichwa kuna kijipaa cha mbao. Ubavuni, kulia na kushoto, kuna vichwa vidogo vya mbao vilivyokerezwa, au matundu yaliyotobolewa kwa mpango.

Vile vichwa vya ubavuni havikuwa pambo. Kamba ilipitishwa huku na huku juu ya mtoto ili asianguke kitanda kikibembezwa. Mtoto mwenyewe alikwisha kuzungushiwa vitambaa mwili mzima akabaki uso tu. Wazee wa Kiingereza waliamini mifupa laini isipofungwa itakua imepinda. Akishatoka kwenye vitambaa alingojewa na fanicha nyingine: kigari cha mbao cha kujifunzia kutembea, kilichomzunguka kiunoni na kuwa na magurudumu chini, na kiti kirefu cha mwaloni kilichomwinua hadi usawa wa meza. Maskini hawakuwa na haya yote. Wao walisuka vikapu vya matete, ambavyo vilikuwa rahisi na havikudumu. Kwa hiyo vitanda vya mwaloni tunavyoviona makumbusho havituelezi mtoto wa Kiingereza alivyolala. Vinatueleza mtoto wa nyumba yenye uwezo alivyolala.

Na kwa nini sanduku? Baridi. Nyumba ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na sakafu ya mawe, mlango unaovuja upepo, na moto mmoja ukutani. Kuta za sanduku zilizuia upepo, kijipaa kikalinda utosi, na kitanda kizima kiliweza kubebwa kikasogezwa karibu na moto. Ondoa baridi, na nusu ya sababu za kitanda kile imekwisha.

Sasa rudi Gede. Hapa tatizo ni joto. Ukimlaza mtoto ndani ya sanduku lenye kuta nne na paa mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijaanguka, utamtoa amejaa vipele. Anachohitaji ni hewa ipite chini yake, juu yake na ubavuni. Na watu wa pwani walikuwa na kitanda kinachofanya hivyo kwa watu wazima, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubuni kingine kwa ajili ya mtoto.

Kitanda hicho ni cha kamba. Nakitaja kana kwamba ni kitu cha makumbusho, kumbe wasomaji wengi wa Kilifi na Malindi wamezaliwa wakakikuta nyumbani. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya kwenda urefu na vitakizo viwili, kichwani na miguuni. Tendegu zuri hukerezwa: fundi huliweka kwenye kerezo na kulizungusha huku patasi ikila, likatoka na mapingili na mabonde mfululizo. Linatobolewa matundu mawili yasiyokutana, moja la mfumbati na moja la kitakizo, moja juu kidogo ya lenzake, ili tendegu lisipasuke. Kisha ndipo kazi ya kuwamba. Kamba ya usumba au ya ukindu hupitishwa kutoka mfumbati hadi mfumbati, huvutwa kwa mguu, hupishanishwa hadi itoe uso wa mraba au wa pembe. Baada ya miezi kitanda hulegea, mtu analala kama yumo katika hori, na hapo huitwa mwenye mkono wa nguvu akikaze upya. Huko Lamu, Siyu na Pate, vitanda vya watu wenye cheo vilikuwa virefu kiasi cha kuhitaji kigoda cha kupandia, vikatiwa rangi na nakshi. Baadaye zikaja samadari za Kihindi zenye nguzo za chandarua.

Mti wa pwani, kwa ufupi, ulichongwa palipo macho ya watu. Milango ya Lamu, Zanzibar na Mombasa haina haja ya kusifiwa tena hapa. Viti vya enzi, vile vya mpingo vilivyopachikwa vipande vya pembe na kuwambwa kamba nyembamba mgongoni na kikaoni, vilitolewa anapokuja mgeni wa heshima. Mlango humkabili mpita njia, kiti humkabili mgeni. Mtoto mchanga hakuonyeshwa kwa yeyote kati yao. Alikuwa chumba cha ndani kabisa pamoja na mama yake, na hakutolewa nje hovyo mpaka arobaini ipite. Kumchongea kitanda cha fahari kungekuwa kuita macho, na macho ndiyo hasa yaliyoogopwa. Alivishwa hirizi, alipakwa masizi au wanja, alifichwa. Kule Uingereza mtoto alichongewa herufi na mwaka juu ya kichwa chake ili kila mwingiaji asome. Huku jambo hilo lingeonekana wazimu.

Hii haina maana kwamba wenzetu walikuwa hawana hofu zao. Katika mila za Kiingereza kuna mti mmoja wa vichakani, unaoitwa elder, ambao haukutakiwa kabisa kutumika kutengenezea kitanda cha mtoto, kwa kuogopa balaa zitakazomfuata. Na kubembeza kitanda kitupu kulikatazwa. Lakini hofu zao zilikwenda kwenye aina ya mti na tabia ya mbembezaji, wakati zetu zilikwenda kwenye jicho la mtazamaji. Matokeo ni tofauti kubwa ya fanicha.

Anayetaka ushahidi wa maandishi juu ya chumba kile cha ndani ana vitabu viwili vya kuanzia. Cha kwanza ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Kinaanza na mimba na uzazi, kabla ya kufika kwenye chuo, harusi na biashara. Cha pili ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa 1844 huko Bet il Mtoni na baadaye kuitwa Emily Ruete, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Yeye anaeleza mtoto mchanga wa jumba la Sultani alivyofungwa vitambaa kutoka mabegani hadi miguuni kwa siku 40, ili mwili unyooke. Mtoto wa Zanzibar na mtoto wa mkulima wa Kiingereza walifungwa kwa namna moja, kwa imani moja. Tofauti ilianza pale walipolazwa.

Chombo cha mtoto wa pwani kilikuwa nguo. Mchana alikuwa mgongoni au mbavuni mwa mama, mama yupo kisimani, yupo shambani, yupo kinuni. Usiku alikuwa ubavuni mwake juu ya kamba zile zile. Akitakiwa kulala mama akiwa na kazi jikoni, kuna susu: nguo au wavu uliofungwa ncha mbili kwa kamba na kutundikwa kwenye boriti, unausukuma mara moja unajiendea wenyewe. Wagujarati walioingia miji ya pwani nao walikuwa na chombo cha namna hiyo, ghodiyu, kitambaa kinachoning'inia kwenye fremu ya mbao iliyokerezwa na kupakwa lakri ya rangi kali. Hapo ndipo pwani ilipokaribia zaidi kuwa na kitanda cha mtoto cha kuchongwa, na hata hapo mbao zilikuwa za kushikilia tu. Alipolala mtoto palikuwa kitambaa.

Kitambaa hakirithiwi miaka 300. Hufuliwa, huchanika, hugeuzwa tambara la kupangusia. Na hapa ndipo ninapobishana na wale wanaotazama makabati ya makumbusho ya Ulaya, wakaona vitanda na viti vya watoto vimepangwa safu, kisha wakahitimisha kwamba Mwafrika hakuthamini utoto kwa kuwa hakuacha vyombo vyake. Kumbukumbu iliwekwa mahali pengine. Katika posa ya Waswahili, juu ya mahari anayopewa bibi harusi mwenyewe, kuna haki ya mama yake inayoitwa ubeleko au mbeleko: bwana harusi analipia nguo aliyobebewa mchumba wake alipokuwa mchanga. Kuna na mkaja, kwa ajili ya ile nguo mama aliyojifunga tumboni baada ya kumzaa. Binti ana miaka 20, nguo yenyewe iliisha zamani, lakini deni lake lipo na linataja kilichobebwa na aliyebeba. Familia ya Kiingereza iliandika mwaka kwenye mwaloni. Familia ya Malindi iliandika kwenye masharti ya ndoa. Mimi naona la pili limedumu zaidi, kwa sababu mchwa hawali masharti.

Ukitoka ukuta wa Gede hatua chache tu uko kwa Wagiriama, na huko habari ya mti inageuka tena. Mama wa Kigiriama naye humbeba mwanawe kwa nguo. Mti mgumu, muhuhu hasa ambao mchwa huushindwa, uliwekwa kwa ajili ya waliokwisha kuondoka. Mwanachama wa chama cha Gohu akifa huchongewa kigango, nguzo bapa ya umbo la mtu, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu mwilini, na nguzo hiyo ikishasimamishwa haitakiwi kuondolewa. Wafanyabiashara wa sanaa waliziondoa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa mabomani, vikauzwa kwa watalii na maduka ya sanaa, vikaishia makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudi: mwaka 2019 makumbusho ya elimu ya viumbe na sayansi ya Denver yalirudisha Kenya vigango 30. Ninavitaja humu kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha kwamba upungufu haukuwa wa ufundi. Eneo hili lilikuwa na wachongaji hodari na mti wa kudumu. Liliamua nani achongewe.

Muhuhu wenyewe umekuwa adimu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420 na unaopakana na Gede, ulikatwa sana mti huo kwa ajili ya vinyago vya kuuzia watalii Mombasa na Malindi. Wachongaji wengi baadaye waligeukia mwarubaini na mwembe, miti inayopandwa majumbani. Mwarubaini una uchungu usiopendwa na wadudu, na shina lake likichongwa linatoa rangi ya kahawia nyekundu nzuri tu. Pale Gede mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, nao ulijaribu njia nyingine ya kuufanya msitu uwe na faida ukiwa umesimama: wanakijiji hufuga viwavi na kuuza mabundo ya vipepeo nje ya nchi. Seremala anayetaka mbambakofi au muhuhu wa kweli leo itabidi aulize maswali mengi kabla hajalipa.

Kuna kifaa kimoja cha kulalia mtoto ambacho historia ya Kilifi inaweza kujivunia mbele ya dunia, na hakijachongwa nakshi yoyote. Kati ya 1993 na 1995 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wao waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya vijiji vya Kilifi, wakaacha vingine kwa kulinganisha. Walipohesabu, vifo vya watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 59 vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33 katika vijiji vyenye neti, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Takwimu hizo zilizotolewa 1996 zilikuwa miongoni mwa zile zilizozishawishi serikali na mashirika kugawa neti barani kote. Kule Uingereza kuta za mwaloni zilizuia upepo usimfikie mtoto. Huku adui alikuwa mbu, na ubao haumzuii mbu. Ukiniuliza ni fanicha gani ya watoto yenye thamani kuliko zote iliyowahi kuwekwa katika chumba cha Kilifi, nitakuonyesha kile kitambaa cheupe chenye matundu kinachoning'inia kwenye msumari.

Kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, karakana za maseremala zina vitanda vya watoto siku hizi. Vina fito za kusimama pande zote, godoro la sponji, na vingine vina magurudumu. Vinanunuliwa na wazazi vijana wa mijini na wenye nyumba za wageni. Sina ugomvi navyo. Mtoto ana mahali pake, neti inatundikika vizuri, na fundi anapata riziki. Ugomvi wangu ni na kile kinachotengenezwa juzi kwa mbao za mwembe, kikapakwa chai na rangi ya viatu, kikauziwa mgeni kwa jina la kitanda cha kale cha mtoto wa Lamu. Hakuna aina hiyo ya kitanda katika historia ya Lamu. Fundi achonge nakshi za Siyu kwenye kitanda cha mtoto akitaka, na kitapendeza, ila aseme ni chake na ni cha mwaka huu. Kazi nzuri haihitaji kuzeeshwa kwa ulaghai.

Gede iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwezi wa Julai 2024, na wageni wataongezeka. Nawaomba waongozaji wa pale, wanapowapitisha watu katika Nyumba ya Mikasi, wasiishie kwenye kaure za China na shanga za Venice. Wasimame katika chumba cha ndani kabisa, waeleze kitanda cha kamba na susu, na mama aliyekaa humo siku 40. Kwa mtalii hilo litakuwa jipya kuliko bakuli la kaure la kijani alilokwisha kuliona London.

Na wewe msomaji wa Malindi, Mambrui, Takaungu au Lamu: huenda darini kwenu au nyuma ya choo kuna matendegu manne yaliyofungwa kamba, ya bibi mzaa bibi, na kuna mtu anayepita akitoa bei. Kabla hujakubali, muite mtu wa Makumbusho ya Taifa ayatazame, na mwulize mkubwa yeyote aliyebaki katika ukoo ni nani waliozaliwa na kufia juu yake, uandike. Mwenye kununua anajua thamani yake, ndiyo maana amerudi mara ya pili. Na kwa mujibu wa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutoka nje ya nchi bila kibali.